Tuksido Baharini: Kanuni za Mavazi katika Meli Ndogo za Kifahari

Anayechagua meli ndogo ya kifahari, yaani meli ya matembezi inayobeba abiria wasiozidi mia chache na ambayo nauli yake kwa kawaida hujumuisha chakula, vinywaji na bahashishi, hulinganisha ukubwa wa vyumba, idadi ya wahudumu na bandari zitakazotembelewa, kisha huliacha suala la nguo hadi siku ya kufunga sanduku. Utaratibu huo una kasoro, kwa sababu kanuni za mavazi, yaani maagizo ya kampuni kuhusu nguo zinazokubalika melini jioni, zimekuwa kwa takriban miaka arobaini zikionyesha kuliko kitu kingine ni watu wa aina gani ambao kila meli imekusudia kuwakusanya. Mabadiliko ya kanuni hizo yanaweza kufuatiliwa kwa usahihi usio wa kawaida, kwa kuwa baadhi ya meli zilizoanza na suti nyeusi bado zinasafiri, zikiwa na majina mapya na abiria wasiovaa hata tai.

Desturi yenyewe ilirithiwa kutoka meli za abiria zilizovuka bahari kwa ratiba maalumu kabla ya ndege za jeti kuanza kuvuka Atlantiki mwaka 1958. Katika daraja la kwanza la meli hizo, mwanamume alitarajiwa kufika mezani jioni akiwa amevaa tuksido, yaani suti nyeusi yenye kola ya hariri inayovaliwa pamoja na shati jeupe na tai ya kipepeo, isipokuwa usiku wa kwanza na wa mwisho, ambapo masanduku yalikuwa ama hayajafunguliwa ama yamekwisha kufungwa. Pwani ya Afrika Mashariki iliyafahamu maisha ya aina hiyo kupitia meli za kampuni ya British India, hasa Kenya ya mwaka 1951 na Uganda ya mwaka 1952, ambazo ziliiunganisha London na Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam kwa njia ya Mfereji wa Suez. Safari ilichukua wiki kadhaa, mizigo haikuwa tatizo, na kubadili nguo kulikuwa njia mojawapo ya kuutofautisha usiku na mchana mahali ambapo hapakuwa na pengine pa kwenda.

Meli ndogo za kifahari katika maana ya sasa zilianza kuonekana mwaka 1984, wakati Sea Goddess I, iliyoundwa na kiwanda cha Wärtsilä mjini Helsinki kwa ajili ya kampuni ya Helge Naarstad wa Norway, ilipoingia kazini ikiwa na nafasi ya abiria 116 hivi, na kufuatiwa na pacha wake, Sea Goddess II, mwaka 1985. Wazo la msingi lilikuwa kumpa abiria maisha ya mwenye yoti, yaani chombo binafsi cha anasa: hapakuwa na meza za kupangiwa, mvinyo na shampeni havikulipiwa tena melini, na wahudumu hawakutarajia kupewa chochote. Jambo moja tu halikulegezwa, nalo ni kwamba jioni wanaume walivaa koti na tai na, katika usiku uliotangazwa kuwa rasmi, tuksido. Kwa mtazamaji wa leo mgongano huo ni dhahiri, maana hakuna mwenye yoti anayelazimishwa kuvaa tai ya kipepeo kwenye sitaha yake mwenyewe. Lakini nauli kubwa ya wakati ule ilihitaji ushahidi wa macho, na abiria, pasipo kuambiwa hivyo, walikuwa sehemu ya mapambo waliyoyalipia.

Kampuni ya Seabourn, iliyoanzishwa na Mnorway mwingine, Atle Brynestad, iliufuata mkondo huohuo kwa meli kubwa kidogo. Seabourn Pride ya mwaka 1988 na Seabourn Spirit ya mwaka 1989 zilikuwa na ujazo wa tani 10,000 hivi na abiria wapatao 200 kila moja, na mwaka 1994 familia ya Lefebvre ya Roma ikaingia katika ushindani kwa Silver Cloud, meli ya kwanza ya kampuni ya Silversea, yenye nafasi ya abiria karibu 300. Katika meli za kundi hili jioni ziligawanywa kwa madaraja matatu: rasmi, ambayo ilimaanisha tuksido au suti nyeusi kwa wanaume na gauni refu kwa wanawake, nusu rasmi, ambayo ilimaanisha koti, mara nyingi pamoja na tai, na ya kawaida, ambayo haikuwa ya kawaida kwa maana ya mtaani, kwa sababu jinzi na raba hazikuhesabiwa humo. Karatasi ya ratiba iliyoachwa chumbani ilimjulisha abiria daraja la jioni inayofuata.

Jambo ambalo wachambuzi wa utalii hulipita haraka ni kwamba kanuni hizo ziliuma zaidi katika meli ndogo kuliko katika meli kubwa. Penye abiria 2,000, asiyetaka kuvaa suti hupata mkahawa wa kujipakulia na kupotelea humo. Penye abiria 116 au 200 na ukumbi mmoja mkuu wa chakula, asiyevaa ama hula chumbani ama huonekana na kila mtu. Tena mzigo haukuwa sawa kwa wote. Tuksido moja ilimtosha mwanamume safari nzima, kwa kuwa lengo la vazi hilo ni wanaume wote kufanana, ilhali mwanamke aliyekutana na nyuso zilezile kila jioni alijikuta akibeba gauni la kila usiku rasmi, na viatu na mikoba yake. Kanuni iliyoandikwa kwa ukamilifu kuhusu wanaume ilitekelezwa, kwa kweli, ndani ya masanduku ya wanawake.

Njia nyingine ilikuwepo tangu mapema. Windstar, ambayo meli yake ya kwanza yenye matanga, Wind Star, ilianza safari mwaka 1986 ikiwa na abiria 148, haikudai tai wala koti, na vivyo hivyo Star Clippers ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hata hivyo, meli hizo zilihesabiwa kuwa za wapenda matanga, na ulegevu wake ulichukuliwa kuwa sifa ya matanga badala ya changamoto kwa wengine.

Mageuzi yalikuja mwaka 2001, na kwa mkono usiotarajiwa. Brynestad, mtu yuleyule aliyeianzisha Seabourn, alizichukua Sea Goddess mbili, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zimeendeshwa na Cunard na hatimaye Seabourn, akazipa majina ya SeaDream I na SeaDream II, na pamoja na Larry Pimentel, aliyewahi kuiongoza Seabourn, akatangaza kwamba koti halitadaiwa usiku wowote. Meli zilikuwa zilezile, idadi ya abiria ilikuwa karibu ileile, na nauli haikuwa ya watu wa kawaida. Kilichohama ni mahali pa kulia chakula, kwa sababu SeaDream ilikazia milo ya sitahani, kwenye upepo wa bahari, na koti la sufu katika jioni ya Karibi ni adhabu zaidi kuliko heshima. Maelezo yaliyozoeleka, kwamba vizazi vipya havipendi urasmi, yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi: mara nyingi nguo ilibadilika baada ya meza kuhamishwa.

Sababu nyingine zilitoka nchi kavu. Abiria wa meli hizi hufika bandarini kwa ndege, na mwaka 2008 mashirika makubwa ya ndege ya Marekani, nchi inayotoa sehemu kubwa ya wateja, yalianza kutoza ada hata kwa begi la kwanza. Ofisi nyingi, nazo, zilikuwa zimeanza kuachana na tai tangu miaka ya 1990, hivyo suti ikakoma kuwa nguo ambayo mtu anayo tayari kabatini. Seabourn Odyssey ilipozinduliwa mwaka 2009 ikiwa na nafasi ya abiria 450 na mikahawa kadhaa, ule ukumbi mmoja uliowabana wote ulikuwa umekwisha kugawanyika, na tuksido ikageuka kutoka sharti hadi hiari, kisha ikawa nadra.

Meli za awali za Seabourn ziliuzwa kwa Windstar, na kati ya mwaka 2014 na 2015 Pride ikawa Star Pride, na Spirit, ileile iliyoshambuliwa na maharamia karibu na pwani ya Somalia tarehe 5 Novemba 2005 ikiwa njiani kwenda Mombasa na kulazimika kukimbilia Shelisheli, ikawa Star Breeze. Baadaye meli hizo zilikatwa katikati na kurefushwa kwa mita 25 na ushei katika kiwanda cha Fincantieri mjini Palermo, zikafikisha abiria 312, na kumbi ambamo tuksido ilikuwa sharti sasa huingia mtu mwenye shati lisilochomekewa. Silver Cloud imekwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2017 ni meli ya uvumbuzi, yaani meli iliyoimarishwa kwa ajili ya barafu na inayowashusha abiria kwa mashua za mpira katika sehemu kama Antaktika, ambako vazi linalojadiliwa ni koti zito lisilopenya maji.

Kulegezwa kwa kanuni hakukumrahisishia kazi mchaguzi kama inavyodaiwa. Tuksido ni ghali au hukodiwa, lakini maelekezo yake hayana utata. Maneno yaliyochukua nafasi yake, yanayoahidi unadhifu usio rasmi, humwacha abiria mgeni akikisia iwapo jinzi nyeusi inapita na raba nyeupe inakataliwa, wakati mzoefu anajua jibu bila kusoma chochote. Kwa hiyo anayelinganisha meli hizi afanye vyema kuuliza maswali matatu ambayo vijitabu havitaji: kuna mikahawa mingapi, ni mingapi iliyo nje, na asiyetaka kujipamba atakula wapi. Queen Mary 2 ya mwaka 2004, ambayo si ndogo hata kidogo, imeweza kuendelea na jioni zake za sherehe kwa sababu ina mahali pa kuwaweka wasioshiriki.

Upande wa pili kabisa ipo Hebridean Princess, iliyoanza mwaka 1964 kama kivuko cha Uskoti kiitwacho Columba, ikageuzwa kuwa meli ya matembezi mwaka 1989, na ambayo Malkia Elizabeth II aliikodi mwaka 2006 na tena mwaka 2010. Hubeba abiria 50 hivi, ina ukumbi mmoja wa chakula, na kwa hoja zilizotangulia ingepaswa kuwa ya kwanza kuitupa suti. Haikufanya hivyo, na sababu zake ni za kawaida mno: sehemu kubwa ya abiria wake ni Waingereza na Waskoti wanaoweza kufika bandarini kwa gari au treni, jioni za visiwa vya magharibi ni za baridi na milo huliwa ndani, na wanaume wengi wa Uskoti tayari wanamiliki kilti, yaani sketi ya sufu yenye mistari ya ukoo, ambayo huvaliwa pia harusini na hukubalika katika chakula cha sherehe mahali pa tuksido.