Joto la Vifaranga na Msamiati wa Malezi

Mwanafunzi wa fasihi atamkapo neno "malezi", aghalabu hudhaniwa kwamba anazungumzia watoto wa binadamu. Mimi nimelea vifaranga mia moja wa siku moja, na karo ya muhula wangu wa mwisho wa shahada ya uzamili iliwategemea wao. Naomba kuwasimulia wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu yale niliyojifunza, kwani yanaihusu lugha yetu pia.

Kuku mzima ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi za Selisiasi, na hulihifadhi mwenyewe. Kifaranga aliyeanguliwa leo hana uwezo huo. Mwili wake umefunikwa na malaika tu, si manyoya kamili. Hivyo kwa majuma mawili au matatu ya mwanzo hutegemea joto la nje, karibu sawa na mjusi. Binamu yangu aishiye Marekani anafuga mjusi mwenye ndevu atokaye Australia, wa ukoo mmoja na mijusi wenye vichwa vyekundu waotao jua juu ya miamba ya kwetu. Katika kizimba chake cha kioo, upande mmoja una nyuzi 40 hivi na wa pili nyuzi 25. Mnyama hujiendea atakako.

Kanuni hiyo ya kumwachia kiumbe nafasi ya kuchagua ndiyo pia ya vifaranga. Juma la kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguzwa kama nyuzi tatu kila juma mpaka manyoya yaote. Kizimba hufanywa cha duara kwa maboksi, kisiwe na pembe ambamo watarundikana na kukanyagana hadi kufa. Chanzo cha joto hukaa katikati, ili anayeona baridi asogee na anayeona joto apate pa kukimbilia.

Nilianza kazi hii mjini Migori, katika chumba cha kupanga, kwa balbu na kipimajoto. Usiku mmoja wa mvua umeme ulikatika mnamo saa nane. Niliwasha jiko la makaa nje, nikaliingiza lilipokolea, na dirisha nikaliacha wazi kiasi, kwa maana kaboni monoksidi itokayo kwenye makaa haina rangi wala harufu, nayo humuua kifaranga pamoja na mlezi wake. Kulipopambazuka, vifaranga wanne walikuwa wamekufa kwa baridi. Wale tisini na sita niliwahesabu mara tatu.

Juma la pili chumba kikawa finyu. Nikawasafirisha kupitia Awendo na Rongo hadi Homa Bay, nyumbani kwa mama. Huko ni ufuoni mwa Ziwa Viktoria, na mabati ya nyumba huchoma tangu saa tano. Mchana wa kwanza kipimajoto kilisoma nyuzi 36 bila moto wowote. Mama hakukitazama. Alisimama mlangoni, akasikiliza, kisha akaniambia kwa Kijaluo: "Hawa hawalii, mwanangu, wanahema. Fungua upande wa ziwani."

Waama, mama alikuwa akisoma. Vifaranga wakirundikana na kulia kwa sauti kali, wanaona baridi. Wakijibanza ukutani, mabawa yamelegea na midomo i wazi, wamezidiwa na joto. Wakiegemea upande mmoja tu, upepo unapenya upande wa pili. Wakitawanyika kote huku wakilia kwa sauti ndogo, mlezi na akalale.

Nilifungua dirisha. Kipimajoto kilishuka kwa nyuzi mbili pekee, ilhali midomo ilianza kufumba. Hapo nikayakumbuka maneno mawili. Vitabuni tunayo istilahi "halijoto", na wenzetu wa Tanzania hutumia pia "jotoridi". Hayo ni majina ya kipimo, nami siyabezi. Bila kipimo nisingemaliza salama juma la kwanza. Lakini Kiswahili kina "fukuto" vilevile, yaani joto lililokosa pa kutokea, pamoja na "vuguvugu", "hari" na "mzizimo". Maneno haya hutaja anachohisi kiumbe mwenyewe. Kilichokuwa kikiwasumbua vifaranga wangu mchana ule kilikuwa joto, naam, ila zaidi kilikuwa fukuto. Na fukuto hutibiwa kwa kufungua njia ya hewa.

Wahenga walinena kwamba teke la kuku halimwumizi mwanawe. Sisi tunaochukua nafasi ya kuku hatuna budi kuchunga, kwa kuwa mkono wetu unaweza kuumiza kwa nia njema. Baada ya miezi mitano niliuza majogoo na mitetea, karo ikalipwa, na mama akabakiza kumi wa kutagia mayai.

Alhasili, natoa wito kwa wanaoandaa vijitabu vya wakulima kwa Kiswahili: nambari ziandikwe, na kando ya kila nambari pawekwe maelezo ya kifaranga anavyolia, anavyosimama na anavyolala. Wazee wa Homa Bay na Migori wanayo maelezo hayo. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaweza kuwatembelea tukayanukuu.