Mwisho Uliobadilishwa

Jioni moja ya masika, huko Kagondo wilayani Muleba, sebule ya mwalimu mstaafu ilijaa majirani. Zilioneshwa picha mbili, zote za mwongozaji mmoja, George Sluizer: Spoorloos, aliyoitoa Uholanzi mwaka 1988, na The Vanishing, aliyoitengeneza upya Marekani mwaka 1993. Kisa ni kile kile: mtu amtafuta mpenzi wake aliyetoweka safarini. Katika ya asili, mtafutaji huzikwa hai. Katika ya Hollywood, huokolewa.

Vijana waliisifu ya pili. Nani atoke kwake usiku, wakauliza, kwenda kutafuta kilio?

Mwalimu alinyamaza. Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983. Naye alizika wanawe wawili kibanjani. Hatimaye akanena: “Wanangu, hii ya pili yatuonea huruma tusiyoiomba.”

Kuiga si lazima kuharibu. The Magnificent Seven ya mwaka 1960 ilizaliwa na Seven Samurai ya Akira Kurosawa, ya 1954, ikasimama kwa miguu yake. Shaaban Robert naye alimleta Omar Khayyam katika Kiswahili kwa kupitia Kiingereza cha FitzGerald, na mauti hayakufichwa njiani. Mfasiri ana ruhusa ya kubadili vazi. Akiubadili msiba, amemnyang’anya mfiwa haki ya kulia.

Vijana hawakujibu. Mmoja wao aliinuka, akairudisha ile ya kwanza mwanzo.