Neno "Yet" na Matumizi ya "Bado"

Katika kufundisha Kiswahili hapa Mahango, milimani wilayani Kasese, tumeona kwamba kielezi kimoja kidogo cha Kiingereza huwatatiza wanafunzi kuliko maneno marefu. Kielezi hicho ni "yet". Mwanafunzi aliyezoea kusoma kwa Kiingereza hupachika "bado" kila mahali, akaandika: "Bado umekula?" Kumbe swali hilo lataka "Umekwisha kula?" Mahali pa "bado" ni kwenye jibu.

Katika kukanusha, kazi ya "yet" hufanywa na kiambishi -ja-. "Dawa hazikuja" na "Dawa hazijaja" hutofautiana kwa silabi moja tu. Walakini mama aliyeteremka mlimani na mtoto mwenye homa, akiambiwa la kwanza, hurejea nyumbani. Akiambiwa la pili, huketi akangoja. Ndiyo maana hatukubali kosa hili liitwe dogo.

Aidha, "bado" hutegemea kitenzi kinachofuata. "Bado hajala" maana yake hajaanza. "Bado anakula" maana yake hajamaliza. Kwa maana hii ya pili Waingereza wana neno jingine, "still", nasi tuna -ngali: "Angali anakula." Na "yet" ikiunganisha sentensi mbili zinazopingana, tafsiri yake ni "lakini" au "hata hivyo".

Tena "bado" ikisimama peke yake huwa na matarajio ndani yake. Kijana wa Bwera akiulizwa kama ameoa hujibu "Bado", kwani "Hapana" ingeufunga mlango. Bali tukiulizwa kama mgonjwa amefariki, adabu haituruhusu kujibu "Bado", kana kwamba twakingoja kifo chake. Tuseme: "La, angali hai." Somo hili halimo katika kamusi, ni juu ya mwalimu kulitoa.

Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Je, kila shule ya milima hii imekwisha kupata mwalimu wa Kiswahili? Bado. Hatusemi hapana, wala hatutaki wanafunzi wetu waseme hivyo. Wengine wao ndio walimu tunaowangojea.