Mama wa Kitanda cha Tisa

Kitanda kilikuwa kimoja na watoto walikuwa watatu. Wawili walilazwa upande wa kichwani, wa kwangu akawekwa miguuni kwa kuwa ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wenzake. Dripu zao zilining'inia kwenye nguzo mbili, moja ya chuma na nyingine tawi la mti lililochongwa likafungwa kwa kamba kwenye kitanda. Shuleni nilikuwa mwalimu, nyumbani nilikuwa mke wa mtu. Wodini nikawa "mama wa kitanda cha tisa, yule wa miguuni," na niliitika.

Ilikuwa Mei 1996, masika yamekolea, katika hospitali moja ya wilaya mkoani Tanga. Ukanda wetu ni wa mkonge na michungwa, na mvua ikinyesha maji husimama kila mahali: kwenye nyayo za ng'ombe, kwenye vifuu, kwenye mashimo ya matofali. Kila mwaka ikifika Mei, wodi ya watoto ilifurika. Hakuna aliyeshangaa.

Mwanangu alikuwa ametimiza miaka miwili karibuni. Homa ilimpanda siku ya Ijumaa, nikampa klorokwini kama mzazi yeyote wa wakati ule. Unaponda kidonge, unatia sukari, unambana pua, anameza nusu na nusu anakutapikia. Dawa ile ilikuwa imeshachoka lakini sisi tulikuwa hatujaambiwa. Serikali iliiacha mwaka 2001 ikaleta dawa iitwayo SP, nayo haikukaa sana, na dawa mseto ikaanza kushika nafasi yake kuanzia mwishoni mwa 2006. Lakini mwaka ule wa 1996, mtoto asipopata nafuu kwa klorokwini, ulijiona umekosea kipimo, au ulianza kumtafuta mchawi.

Usiku wa Jumapili alikakamaa. Macho yakageuka, meno yakabana, mkono wa kushoto ukawa unarukaruka peke yake. Mama mkwe alitoka chumbani kwake akiwa na taa mkononi, akamtazama mara moja tu.

"Degedege hilo," akasema. "Mwanangu, usithubutu kumpeleka akachomwe sindano. Akichomwa tu, huna mtoto."

Akatia makaa kwenye chetezo, akatoa mavi makavu ya tembo aliyoyahifadhi kwenye kopo la maziwa, akamfukiza mjukuu wake chini ya kanga. Moshi ule hauna mfano. Mpaka leo nikiunusa nitautambua.

Vijana wakisikia habari hizi hucheka. Mimi sicheki. Mama mkwe alikuwa na macho, na alichokiona kwa miaka mingi kilikuwa hivi: mtoto anakakamaa, anafukizwa, anaogeshwa majani, siku ya pili au ya tatu ndipo anapelekwa hospitali akiwa hajitambui, anachomwa sindano, na jua halizami anarudishwa amefunikwa. Ukiyaona hayo mara nne, tano, utasema nini kuhusu sindano? Na waliowahishwa wakapona hawakuingia kwenye hesabu yake, maana mtoto akipona hospitali kijiji kizima kilisema kumbe hakuwa na degedege, ilikuwa malaria tu. Kwa mpangilio huo sindano isingeweza kushinda hata siku moja.

Kabla ya adhana ya alfajiri alikakamaa tena. Mama mkwe akasogeza taa, akafungua kiganja cha mtoto. Kilikuwa cheupe kama karatasi. Yeye mwenyewe alikuwa amezika watoto wawili. Hakunieleza anachofikiri, alijitanda kanga, akatoka, akaenda kugonga mlango wa jirani mwenye pikapu iliyokuwa ikipeleka machungwa mjini. Nilimsikia toka uani kwetu: "Baba, amka. Machungwa yatangoja."

Hospitalini muuguzi wa zamu alimsugua mtoto kifuani kwa vifundo vya vidole, kwa nguvu kiasi kwamba nusura nimshike mkono. Mtoto alikunja uso, sauti haikutoka. "Mzima," akasema sista, nikajifunza kwamba kumbe uzima nao una viwango. Kipimo cha wingi wa damu kilileta nne. Mtoto wa umri ule hutakiwa kuwa na kumi na moja kwenda juu. Walitafuta mshipa kwenye mikono wakaukosa, wakatafuta miguuni, mwisho wakamnyoa kipande cha kichwa kwa wembe wakaupata pale, juu kidogo ya sikio. Kwinini ilichanganywa na maji ya glukosi, ikaanza kudondoka.

Hapo ndipo nilipoajiriwa. Usiku wodi ile ilikuwa na muuguzi mmoja na mhudumu mmoja. Sista alinionyesha kile kichupa kidogo chini ya dripu, akanihesabia matone mbele ya saa, akaniambia: "Yakienda mbio, niite. Yakisimama, niite. Usiguse." Kwinini si dawa ya kuchezea, ikiingia haraka huusumbua moyo, na hushusha sukari mwilini hadi mtoto akazimika wakati wewe unadhani amelala. Chupa moja ilichukua saa nne, kisha mapumziko, kisha nyingine. Kwa kuwa wachache sana kati yetu tulikuwa na saa ya mkononi, nikawa saa ya chumba. Wanawake waliniamsha wakiniuliza, "Mwalimu, la kwangu linakwendaje?" nami nikajikokota kati ya mikeka, maana kina mama walilala chini, wengine chini ya vitanda kabisa, miguu ikitokeza nje.

Kwa sheria watoto wa chini ya miaka mitano hawakutakiwa kulipa. Tulichonunua ni vitu vya pembeni: sindano, glavu, sukari ya kupitishia kwenye mpira wa puani, sabuni. Vitu vya pembeni vilimaliza mshahara wangu wa mwezi ule, lakini sina hamu ya kulielezea zaidi hilo.

Damu ndiyo iliyotutesa. Akiba hakukuwa, kila mgonjwa alitafutiwa na ndugu zake, na kila anayetoa alipimwa ukimwi kwanza. Leo mtu anapima akiwa njiani kwenda sokoni. Mwaka ule kipimo kilikuwa hukumu isiyo na rufaa, dawa za kurefusha maisha hazijafika kwetu. Niliwashuhudia wanaume wawili, wajomba wa mtoto wa jirani yangu wa kitandani, wakisema wanakwenda kununua sigara nje ya geti. Nadhani bado wananunua. Mume wangu alifika mchana kutoka Tanga mjini, kundi lake likawa halilingani. Shemeji yangu mdogo, kijana wa miaka ishirini hivi, ndiye aliyekunja shati bila kuulizwa mara mbili. Damu ilianza kuingia alasiri. Sikuiangalia chupa, niliangalia kiganja cha mwanangu. Kabla ya magharibi wekundu ulianza kurudi kwenye mistari ya mkono, kidogo kidogo.

Mpwa wa wale wajomba alikufa usiku huo, kichwani mwa kitanda kile kile, umbali wa mkono kutoka kwangu. Mama yake alitoka kijiji cha mbali, hakuwa na mume pale wala simu ya kupiga. Hakulia kwa sauti. Wodi ilikuwa na desturi yake, nayo haikuandikwa popote: huangui kilio wodini usiku, maana kuna wengine ishirini wanaosikiliza. Sista alichomoa mipira, akafuta uso wa mtoto, akafumba macho yake, akaandika kwenye daftari. Kisha akina mama wakachukua nafasi, nami niliona kitu nisichokijua kwa kisomo changu chote.

Gari la kubeba maiti lilikuwa ghali kuliko mbuzi watatu. Basi halikubali maiti. Kwa hiyo asubuhi mwanamke mmoja mtu mzima alimfunga yule mama mtoto wake mgongoni, kwa kanga mbili, kichwa kimefunikwa vizuri kama mtoto anayekingwa jua. Akamwelekeza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwagiza sokoni: kaa dirishani, usizungumze na mtu, kondakta akiuliza sema amepata usingizi, usimshushe mapajani. Tulichanga nauli. Mmoja alijitolea kumsindikiza hadi stendi na kupanda naye kituo cha kwanza, ili aonekane ana mwenzake. Walitoka langoni wakitembea polepole. Nimewahi kuhudhuria mazishi ya watu wakubwa yenye bendi na hotuba. Sijaona msafara uliotengenezwa kwa akili nyingi kama ule.

Jumanne hiyo, tarehe 21, redio ya chumba cha wauguzi ilitangaza kwamba meli ya MV Bukoba imezama karibu na Mwanza. Mamia ya watu. Nchi nzima ilisimama, na ilistahili kusimama. Sista mmoja ambaye kwao ni Kagera aliketi sakafuni akashindwa kuinuka, na sisi wagonjwa, yaani mama wa wagonjwa, ndio tuliompa maji. Lakini nakumbuka mwenzangu mmoja, mama wa kitanda cha dirishani, akisikiliza hesabu ile inavyopanda, akauliza pasipo kumlenga mtu: "Na hawa wa kwetu, wanaandikwa wapi?" Utafiti wa taifa wa mwaka ule ulikuja kuliandika jibu: kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, karibu 137 hawakufikisha miaka mitano. Ule wa 2022 ulikuta 43.

Mwanangu alizinduka siku iliyofuata. Nimesikia wazazi wakisimulia kwamba mtoto alifumbua macho akaita mama. Wangu aling'oa mpira wa puani, akampiga mhudumu teke, akajikojolea. Wodi nzima ilishangilia.

Hakusimama wima mpaka baada ya wiki. Alipepesuka kama mlevi, na kwa muda maneno aliyokuwa ameyajua yalimpotea. Yalirudi. Kuna ambao hayakuwarudia, na niliporejea darasani niliacha kuwaita wazito watoto fulani kabla ya kuwauliza mama zao waliugua nini walipokuwa wadogo. Siku hizi kwinini si chaguo la kwanza tena. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2010, uliohusisha watoto zaidi ya 5,000 katika nchi tisa za Afrika, wakiwemo wa Muheza na Korogwe, ulionyesha kwamba sindano ya artesuneti huokoa wengi zaidi, na haihitaji mwalimu wa kuhesabu matone usiku kucha. Vyandarua navyo tulianza kuvipata kwa wingi zaidi baada ya Hati Punguzo ya 2004.

Mwanangu sasa ni baba. Hakumbuki chochote, ana kovu dogo juu ya sikio ambalo kinyozi humuulizia. Simulizi aliyokua nayo ni ya bibi yake, na katika simulizi hiyo mimi nalia tu pembeni, bibi ndiye anayesema "hospitali, sasa hivi!" na moshi haumo kabisa. Aliisimulia hivyo misibani na harusini, mbele yangu, akinikazia macho ili nimuunge mkono. Nilimuunga. Pikapu aliiamsha yeye. Na kila masika yaliyofuata, mpaka alipofariki, mtoto wa jirani akipata homa alikuwa wa kwanza kufika mlangoni na kanga yake ameshajitanda, akimhimiza mama mtu avae viatu, ndani ya pindo amefunga nauli, na kwenye kikapu, kwa tahadhari, lile kopo la maziwa.