Uso wa Upande

Mwanadamu hupewa uso mmoja, lakini uso huo una sura mbili. Ya kwanza ni ile aionayo katika kioo kila asubuhi anapochana nywele. Hii aijua vema na huitunza. Ya pili ni ile ya upande, ambayo jirani yake wa kanisani au msikitini huitazama saa nzima, na ambayo mwenyewe aweza kufa asipate kuijua. Kwa sababu hiyo mtu achoraye uso wa upande afanya jambo la ajabu kidogo: amwonesha mwenzake kitu chake mwenyewe, ambacho watu wote wamekwisha kukiona isipokuwa yeye.

Mimi ni mwalimu katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ile iitwayo Eastlands, ambako Kaloleni, Maringo, Jericho na jirani zake zimekaa karibu karibu kando ya barabara ya Jogoo. Kuchora nilifundishwa katika chuo cha ualimu, lakini mapenzi ya uso wa upande niliyapata mapema zaidi, kwa shilingi. Katika utoto wangu sarafu za Kenya zilikuwa na kichwa cha rais kimegeuzwa upande. Tuliweka karatasi juu ya sarafu, tukaisugua kwa ubavu wa penseli, na kichwa kikajitokeza kidogo kidogo kama mtu atokaye katika ukungu. Watoto wa leo hawana mchezo huo kwa sarafu mpya. Katiba ya mwaka 2010 ilikataza picha ya mtu yeyote katika fedha za nchi, na sarafu zilizotolewa Desemba 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Sisemi kuwa ni hasara. Uso wa upande wa twiga ni mzuri kuliko wa wafalme wengi.

Sasa na tuingie katika vipimo. Chora mraba. Kichwa kitazamwacho kwa upande hukaribia kuujaza, maana kina chake tangu paji la uso hata kisogo hupungua kidogo tu kuliko urefu wake tangu utosi hata kidevu. Wengi hawaamini. Kwa kuwa macho, pua na mdomo ndivyo vinavyosema nasi, huvipa nafasi yote, na kisogo hukatwa kama mkate. Ugawe mraba huo nusu kwa nusu kwa mstari wa kulala: hapo ndipo jicho likaapo, katikati ya njia baina ya utosi na kidevu. Hili nalo hukataliwa na kila darasa jipya. Hulipandisha jicho hata karibu na nywele, kana kwamba paji la uso halistahili kupewa mahali kwa kuwa halina kazi ionekanayo. Basi mimi huwaambia: shika penseli, nyosha mkono mpaka kiwiko kikazane, fumba jicho moja, upime kichwa cha mwenzako kwa ukucha wa kidole gumba. Penseli haina upendeleo.

Kisha sikio, ambalo huhamahama katika daftari za wanafunzi kama mpangaji asiyelipa kodi. Pima tangu usawa wa jicho hata chini ya kidevu. Kipimo hicho hicho, ukikilaza kutoka pembe ya nje ya jicho kuelekea nyuma, hufika mwisho wa sikio. Sikio basi li nyuma ya mstari wa kati wa kichwa. Juu yake hulingana na nyusi, na ndewe yake hulingana na chini ya pua. Jicho lenyewe, kwa upande, halina umbo la samaki. Ni pembetatu ndogo, upana wake u mbele na ncha yake yaelekea sikioni. Wamisri wa kale walichora uso kwa upande na jicho kana kwamba lawatazama watu mbele. Walikuwa na sababu zao, maana walitaka kila kiungo kionekane kwa ukamilifu wake; lakini mtoto wa Jericho afanyaye hivyo leo hajakusudia. Shingo nayo haisimami kama nguzo ya stima. Huinamia mbele, na mahali bora pa kujifunza jambo hilo ni ndani ya matatu iendayo mjini asubuhi, ambapo abiria wote hutazama mbele na kila mmoja humwachia jirani yake uso wa upande bila malipo.

Vipimo nilivyovitaja ni vya mifupa ya kichwa, na katika mambo hayo watu hawatofautiani sana. Shida huanza pale kitabu kivukapo mpaka huo kikaanza kuagiza pua. Kitabu kimoja tulichotumia chuoni kilikuwa na uso mmoja tu wa upande: pua imeshuka sawasawa kutoka katika paji, midomo myembamba, kidevu kimekaa chini yake kama kilichopimwa kwa timazi. Chini ya picha paliandikwa kwamba hivyo ndivyo vipimo sahihi. Miaka michache iliyopita niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kuwachora mama zao. Nyuso zilizoletwa zilikuwa zile zile za kitabu, arobaini na tatu, mama wa wanafunzi arobaini na tatu wamekuwa mama mmoja, naye si mkazi wa Eastlands. Msichana mmoja alikuwa ameifuta pua mara nyingi hata karatasi imetoboka. Nilipomwuliza sababu, akasema ya mama yake haikuwa sahihi.

Neno hilo halikutoka kwa mtoto yule. Lina ukoo mrefu. Petrus Camper, tabibu wa Uholanzi, alichora mstari kutoka paji la uso hata taya la juu, akaipima pembe yake. Katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1791, baada ya kufa kwake, vichwa vimepangwa safu: nyani, kisha Mwafrika kwa digrii 70, kisha Mzungu kwa digrii 80, na mwisho sanamu ya Kiyunani kwa digrii 100. Yaani kilele cha ngazi kilikuwa jiwe. Camper mwenyewe alishikilia kwamba watu wote ni wa asili moja, lakini wengi waliomfuata waliifanya ngazi ile kuwa kipimo cha akili, na kwa kipimo hicho wakahalalisha dhuluma kubwa. Mstari wa penseli, msomaji, si kitu kidogo.

Njia bora ilikuwapo zaidi ya miaka mia mbili kabla ya hapo. Albrecht Dürer wa Nuremberg, katika vitabu vyake vinne vya vipimo vya mwili vilivyochapishwa mwaka 1528, aliuchora uso wa upande ndani ya mistari iliyopitana kama nyavu, kisha akaisogeza mistari hiyo. Huku aliipanua, huku aliibana, huku aliiinamisha. Na kila alipoisogeza, uso mwingine ulizaliwa. Ni kweli kwamba naye alikuwa na nyuso alizozipenda kuliko nyingine. Hata hivyo nyavu zake zamfundisha mwanafunzi jambo ambalo mstari wa Camper hauwezi kumfundisha: kwamba mahali pa pua pana kanuni, lakini pua yenyewe ni ya mwenyewe.

Basi niliviweka vitabu vyote kando kwa juma moja, nikatumia kivuli. Pliny, mwandishi wa Kirumi, asimulia habari za binti wa Butades, mfinyanzi wa Korintho, ambaye mpenzi wake alikuwa anasafiri. Akauzungushia mstari ukutani kivuli cha uso wa kijana yule, mbele ya taa. Sisi tulifunika madirisha kwa magunia, tukawasha tochi, tukabandika karatasi ya manila ukutani. Mwanafunzi mmoja aliketi kwa upande, mwingine akafuata ukingo wa kivuli kwa penseli. Tulivipaka vivuli wino, tukavikata, tukavitundika bila majina. Jambo lililotokea sikulitazamia. Kila mmoja aliwatambua wenzake mara moja, kwa kelele na vicheko. Wachache sana walijitambua wenyewe. Yule msichana wa karatasi iliyotoboka alisimama mbele ya kivuli chake akauliza ni cha nani. Darasa likamjibu kwa sauti moja kwamba ni chake, na mmoja akaongeza kwamba pua ile ni ya mama yake auzaye sukuma wiki karibu na lango. Aliitazama kwa kitambo. Kisha akarudi mahali pake akaichora, na safari hii hakufuta.

Mimi nami nilikuwa na uso wangu wa kuchora. Nyanya yangu aliishi Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940, na tangu utoto nilimjua kwa upande, kwa kuwa daima alikaa mlangoni akichambua maharagwe kwa mwanga wa nje, nasi wajukuu tukakaa kando yake. Picha zake chache za kamera zote zilimwonesha kwa mbele, amekaza macho, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Sikumwona humo. Nilikwenda kwake Jumapili tatu na ubao na karatasi, naye aliendelea na maharagwe yake.

Uzee hauheshimu kanuni. Watu wa kale waliugawa uso mafungu matatu sawa: nywele hata nyusi, nyusi hata chini ya pua, chini ya pua hata kidevu. Nyanya alikuwa amepoteza meno mengi. Taya lilikuwa limepungua, kidevu kimeinuka kuitafuta pua, na fungu la tatu lilikuwa fupi kuliko mengine. Nililichora fupi. Jicho na kisogo vilikaa mahali pake pa siku zote.

Jumapili ya tatu nilimpa karatasi. Aliinuka akaipeleka kwenye mwanga, akanyamaza sana.

“Mjukuu wangu,” akasema, “mama yangu umemwona wapi?”

Nilimwambia kwamba sikupata kumwona. Alifariki kabla sijazaliwa, wala hakuacha picha. Akaomba penseli. Kwa mkono uliotetemeka aliishusha ndewe hata karibu na taya, akachora ndani yake tundu kubwa, kama zilivyokuwa ndewe za wanawake wa zamani wa kwetu. Kipimo cha sikio kiliharibika kabisa, nami sikukigusa.