Mazuku ya Alfajiri

Alfajiri moja, sisi na wanafunzi wawili tulikuwa njiani kwenda kufundisha katekisimu upande wa Sake. Tukaona mbuzi amelala shimoni, katika mawe ya volkano. Tulipotaka kushuka, mama mmoja akapaza sauti: "Katekista, msishuke! Mazuku!" Mbuzi alikuwa wake, naye alimwacha.

Wasomaji wapenzi, mazuku ni hewa ya kaboni itokayo ardhini. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hujaa mashimoni kama maji, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mtoto huivuta kabla ya mtu mzima, kwa kuwa ni mfupi.

Mwanafunzi akauliza: "Na kama angekuwa mtoto?" Tulinyamaza, maana moyo wetu ungetutuma tushuke mbio. Lakini amfuataye huanguka naye, na msiba huwa wa nyumba mbili. Basi, tuite watu, tumvute kwa kamba au mti mrefu, sisi tukibaki juu. Na tuwafundishe watoto mapema: mahali palipo na ndege waliokufa, tusipite.