Kopo Lililofichwa Mbali na Nyumbani

Ndugu msomaji, huenda umewahi kumwona mgeni akizunguka kilimani, macho yake kwenye simu, kisha kwenye mawe, kisha kwenye simu tena. Anainama, anachungulia chini ya mizizi, anainuka, anacheka peke yake. Usimdhanie kuwa amerukwa na akili, wala usiseme ameambiwa habari za mali ya Wajerumani. Yamkini anatafuta kopo. Ndani yake hamna fedha, mna daftari tu. Naye ataandika jina lake humo, kisha atalirudisha kopo mahali alipolikuta.

Mchezo huo huitwa jiokashi, na umri wake si mkubwa. Serikali ya Marekani ilikuwa na setelaiti angani za kumwonyesha mtu mahali alipo duniani, lakini ishara walizopata raia zilipotoshwa kwa makusudi, hata chombo kikaweza kukosea kwa meta 100. Rais Bill Clinton aliamuru jambo hilo likomeshwe, nalo likakoma usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000. Siku iliyofuata, tarehe 3, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza longitudo na latitudo za mahali pale kwa kila atakaye kuitafuta. Alitia ndani daftari, kalamu ya risasi na vitu vidogo vya kubadilishana, hata kopo la maharagwe. Siku chache tu zikapita, watu wakaipata. Leo ndoo ile haipo tena, pamewekwa kibao cha ukumbusho. Lakini visanduku vya namna hiyo vimeenea ulimwenguni, vimezidi milioni 3, navyo vipo hata hapa Tanzania.

Hata hivyo wazo lenyewe ni la kale kuliko setelaiti. Kusini-magharibi mwa Uingereza kuna nyika ya ukungu na matope iitwayo Dartmoor. Mwaka 1854 James Perrott, kiongozi wa wageni kutoka mji mdogo wa Chagford, aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool, palipo mbali na kila barabara, ili waliojikokota hadi pale waache kadi zao za majina. Baadaye watu wakaanza kuacha barua, na aliyefuata akazichukua akazitie posta. Desturi hiyo ingaliko Dartmoor mpaka leo. Nakuomba uangalie jambo moja hapa: Perrott hakuwa mpita njia. Alikaa jirani, na kazi yake ilikuwa kupita huko na wageni mara kwa mara.

Sasa tumfikirie msafiri. Amefika nchi ya mbali kwa siku 10, ameona mahali pazuri mno, na moyo wake unamwambia, "Niache alama hapa, wenzangu nao wapaone." Anatia daftari koponi, anaficha, anapanda ndege. Mvua inanyesha, kifuniko kinalegea, daftari linakuwa uji. Anayefuata anapanda mlima nusu siku nzima, anakuta takataka, au hakuti kitu. Mwenye kopo yuko umbali wa maelfu ya kilometa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ataziba vipi ufa asiyeuona?

Kwa sababu hiyo wanaosimamia mchezo huu wameweka kanuni. Kila kopo jipya hutazamwa kwanza na mkaguzi, ambaye hufanya kazi hiyo bila mshahara. Kopo lisizikwe ardhini. Lisiwe na chakula ndani, maana wanyama watalitafuna. Liwe umbali wa meta 161 angalau kutoka kopo jingine. Na mwenye ardhi awe ameridhia. Tena mwenye kopo lazima aweze kulitembelea na kulitengeneza. Likiharibika, hulifunga kwa muda, naye kwa kawaida hupewa kama majuma manne kulirekebisha, la sivyo huweza kufutwa katika orodha. Msafiri aliyeficha kopo mbali na kwao huenda akakataliwa tangu mwanzo, isipokuwa aonyeshe mpango wa kulitunza, na mtu wa mahali hapo aliyekubali kazi hiyo.

Mimi karani wa parokia ni mmoja wa watu wa namna hiyo. Kopo langu liko katika milima ya Usambara, juu ya ukingo ambapo mtu husimama katika baridi na ukungu akatazama chini kwenye tambarare ya Mombo iliyojaa joto na katani. Jina la mahali sitalitaja, kwa maana mchezo ni kutafuta. Mwaka 2018 mzee mmoja Mjerumani, mwalimu aliyestaafu, alikaa siku chache nyumba ya wageni, akanieleza nia yake na kuniomba niwe mlinzi. Nilimwambia, "Mzee, kabla ya kunipata mimi, tumpate mwenye shamba."

Labda utauliza kwa nini. Fikiri, ndugu yangu. Mjerumani anaonekana Usambara na kisanduku cha chuma, anapanda kilima, anarudi mikono mitupu. Kabla jua halijatua, kijiji kizima kingesema amekuja kuitazama mali waliyoiacha babu zake vitani, na kesho yake majembe yangefuata. Wapo watu waliochimba usiku na mchana kwa uvumi mdogo kuliko huo, wakaharibu mashamba, wakagombana na ndugu zao.

Basi tulikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mwenye shamba. Tulimwamkia, tukaketi, tukanywa chai. Kisanduku cha chuma tulikiacha, kwa kuwa kilifanana na sanduku la risasi. Tukatwaa kopo la plastiki gumu lenye kifuniko cha kukaza. Juu yake tuliandika kwa Kiswahili na kwa Kisambaa: "Hiki ni chombo cha mchezo. Ndani mna daftari tu. Tazama, kisha rudisha." Mzee alilifungua, akaona daftari, akacheka sana. "Watu watatoka Ulaya kuja kuandika majina hapa shambani kwangu?" akauliza. Nikamjibu, "Watakuja, baba, wala hawatakanyaga viazi vyako, maana tumewaandikia njia ya kupita." Akakubali, akatuonyesha mwenyewe tundu la mkaratusi mmoja uliokuwa pembeni.

Kazi yangu si nzito. Hupanda kilimani kabla ya masika na baada yake, na mara moja tena baada ya vuli. Hukausha kopo kwa kitambaa, hufukuza sisimizi, huchonga kalamu. Nayo ni ya risasi, kwa kuwa wino huyeyuka kwa unyevu. Daftari likijaa hulibadilisha, na la zamani hulihifadhi kabatini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali yenyewe ndiyo daftari.

Faida ya mpango ule ilionekana mwaka 2021, mzee alipoukata mkaratusi wake apate mbao. Kama asingalijua kilichomo, kopo lingekwenda na magogo, na wageni wangefika wakachimbua kisiki na viazi pamoja. Lakini yeye alilitoa, akaliweka juu ya kabati lake, akamtuma mjukuu wake kwangu: "Babu anasema nyumba ya lile kopo imeanguka, uje ulitafutie nyingine." Tulipata ufa mzuri kati ya mawe, hatua chache tu kutoka pale. Nikampelekea mwenye kopo namba mpya kwa simu, naye akazisahihisha akiwa kwao Ujerumani. Kanuni humruhusu kulihamisha mwenyewe kwa umbali usiozidi meta 161. Haikuharibika hata fito moja ya viazi.

Kwa hiyo, wewe unayesafiri, ukitamani kuacha kopo mahali usipokaa, tafuta mwenyeji kwanza, kopo baadaye. Mwenyeji akikosekana, ipo njia nyingine. Tangu mwaka 2004 kuna aina ya mchezo huu isiyo na kopo: mtu huongozwa mahali penye mwamba, maporomoko au kreta, akajibu maswali kuhusu jinsi dunia ilivyoumbika hapo. Ukitoka huachi kitu cha kuoza. Hata katika kituo cha anga za juu, ambako Richard Garriott alisajili jiokashi mwaka 2008, hakuzika kitu. Alichagua kabati lililokuwapo, katika nyumba yenye wakazi.

Na wewe unayekaa mahali wageni wanapopita, ukiombwa kutunza kopo, uliza mambo manne kabla ya kusema ndiyo. Mwenye ardhi amejua? Majirani wamejua? Mwenye kopo atajibu ukimwandikia? Na wewe ukihama, nani atapokea kazi? Likikosekana jibu moja, kataa kwa upole. Mgeni mwema hatakasirika.

Tumezoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika jambo hili mwenyeji ndiye huponya cha mgeni. Setelaiti zitamleta mtu mpaka hatua chache kutoka kwenye jiwe, wala hakuna setelaiti ishukayo kukausha daftari au kumweleza mchungaji wa mbuzi kwamba kopo aliloliona si mali ya vita. Hayo ni ya jirani, naye huyafanya kwa moyo mkunjufu ikiwa tu aliulizwa tangu mwanzo.